Shogi la Baiskeli Yangu

Wenzangu wengi hapa shuleni hujisifia baiskeli zao kwa rangi, kwa kengele au kwa wepesi wa kukimbia. Mimi nataka kuwaeleza habari za kitu kisichosifiwa na mtu, nacho ni mfuko wa kuchukulia mizigo nyuma ya baiskeli. Sikujua thamani yake mpaka siku nilipomwangusha mdogo wangu barabarani. Habari yenyewe ilikuwa hivi.

Kwetu ni kijijini, wilaya ya Muheza. Kutoka nyumbani mpaka shuleni ni kilometa 9 za udongo mwekundu, vilima na mashamba ya michungwa. Nilipoingia Kidato cha Kwanza baba alinipa baiskeli yake aina ya Phoenix. Miaka miwili baadaye mdogo wangu wa kike naye akachaguliwa kuingia shule hii hii, ikawa kazi yangu kumpakia kila asubuhi. Mbali na yeye kulikuwa na vitabu vya watu wawili, chakula cha mchana, na kila Ijumaa machungwa ya mama, ambayo humpelekea mwanamke mmoja auzaye matunda karibu na shule. Fedha za machungwa hayo ndizo zinazotununulia madaftari na sabuni.

Hapo mwanzo nilikuwa nikitia kila kitu katika gunia na kulifunga juu ya keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Lakini gunia likikaa juu ya keria, mtu hana pa kukaa. Mdogo wangu alilazimika kukaa mbele, juu ya bomba la katikati, nami nikawa sioni njia vizuri. Tena mzigo ukiwa juu, baiskeli huyumba kila ukikata kona.

Nikadhani nimepata akili. Nilinunua mkoba mmoja wa nguo, nikauning'iniza ubavuni mwa gurudumu la nyuma kwa kamba mbili, moja juu na moja chini. Kwa juma zima mambo yalikwenda vizuri. Jumatatu ya pili, tulipokuwa tukiteremka kilima kilicho karibu na daraja, kamba ya chini ilikatika. Mkoba ukabembea, ukaingia katika spoki. Gurudumu likakwama ghafula, na sote wawili tukaanguka. Mimi nilichubuka goti tu. Mdogo wangu alivunjika mkono wa kulia, akafungwa plasta kwa majuma sita. Mitihani ya nusu muhula ikampita, maana hakuweza kushika kalamu.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza, na afadhali angefanya hivyo. Alisema neno moja tu, kwamba tangu siku ile nisimpakie tena mtoto wake.

Plasta ilipoondolewa, mdogo wangu akaanza kwenda kwa miguu, kilometa 9 asubuhi na kilometa 9 jioni. Alitoka nyumbani kungali giza. Mimi nilikuwa nikimpita njiani, keria yangu tupu, naye hunipungia mkono ule ule uliovunjika. Siku moja haya ikanishika, nikashuka, nikaikokota baiskeli na kutembea naye mpaka shuleni. Tulipofika miguu yangu ilikuwa ikiniwaka moto. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile nilijua maana yake.

Babu yangu alizaliwa Pangani, na katika ujana wake alikuwa akiswaga punda wa kubeba nazi. Jioni moja aliniita akaniuliza, "Mjukuu wangu, mkoba wako ulikuwa mmoja au miwili?"

Nikamjibu, "Mmoja, babu."

"Na uliushika kwa nini?"

"Kwa kamba."

Akatikisa kichwa, kisha akanieleza habari za shogi. Shogi ni mfuko wa ukili wa miyaa wenye matumbo mawili, yaliyounganishwa kwa kipande kipana cha katikati. Kipande hicho hulala mgongoni mwa punda, na matumbo hushuka mbavuni, moja huku na jingine huku. Babu alisema kwamba punda akielemewa upande mmoja huenda mshazari, na mwishowe hupata donda. Shogi likipakiwa sawasawa, upande mmoja huushika upande wa pili, na kamba huwa ni msaada tu.

Usiku ule nilifikiri sana. Keria yangu ni mgongo, na magurudumu ni miguu. Kama matumbo ya mfuko yangeshuka mbavuni, mzigo ungekuwa chini na baiskeli ingetulia, na juu pangebaki nafasi ya mtu.

Jumamosi nilikwenda Tanga, mji wenye wapanda baiskeli wengi, ili nione watu wanachukulia nini mizigo yao. Niliona matenga ya fito, ambayo hubeba vitu vingi, lakini ni mapana na mazito hata yakiwa matupu. Niliona vikapu vya waya. Ni imara, lakini panapopita mvua na mkono wa mwizi hupita. Niliona na mifuko ya kiwandani yenye kulabu za kuning'inizia. Hiyo ilinipendeza, ila kulabu zake zilikuwa pana kuliko vyuma vyembamba vya keria yangu, zikawa zinachezacheza. Na bei yake ilinishinda.

Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba huko Ujerumani yuko mtu aitwaye Hartmut Ortlieb, aliyeanzisha kiwanda chake mwaka 1982 kwa kushona mifuko ya baiskeli ya turubai kama lile la malori, ambayo mdomo wake hukunjwa mara kadhaa ili maji yasiingie. Turubai la malori hata kwetu lipo. Basi niliuza kuku wangu wawili, nikanunua kipande cha turubai kuukuu, nikampelekea fundi viatu anishonee shogi.

Kabla hajakata nilipima mambo matano. Kwanza kisigino: nilikaa kitini nikazungusha pedeli, na mfuko ukawekwa nyuma kiasi cha kutoguswa na kiatu. Pili spoki: upande wa ndani wa kila tumbo tulitia ubao mwembamba, na fundi baiskeli akafunga kipande cha chuma kutoka keria mpaka karibu na ekseli, ili mfuko usiweze kuingia ndani hata kamba zote zikikatika. Tatu kushika: kipande cha katikati kilikazwa kwenye keria kwa bolti nne. Nne mvua: mdomo wa kila tumbo hukunjwa mara tatu, kisha hufungwa kwa mkanda. Tano mwizi: mikanda ina matundu ya kupitisha kufuli ndogo. Kwa kuwa shogi lenyewe halitoki upesi, vitabu hukaa katika mfuko mwepesi wa nguo humo ndani, nami huuchukua darasani.

Kazi ilipokwisha sikumpakia mtu. Nilijaza kilo 10 za mchanga kila upande, nikaenda nikarudi njia yote siku tatu mfululizo, nikiteremka kilima cha daraja kila siku. Wenzangu walinicheka, wakaniuliza kama nimekuwa mchuuzi wa mchanga. Siku ya kwanza nati mbili zililegea, nikazikaza na kuongeza nyingine za kuzishikilia. Siku ya tatu hakuna kilicholegea.

Hapo nikamwita baba. Aliinama, akayavuta matumbo kwa nguvu zake zote, akazungusha gurudumu, akatia mkono kati ya mfuko na spoki. Kisha akaniuliza, "Upande upi mzito?"

Nikamwambia vitabu huwa kulia, kwa sababu mdogo wangu hukaa upande na miguu yake huelekea kushoto. Baba hakusema kitu. Aliingia ndani, akatoka na mto mdogo wa usufi, akauweka juu ya keria na kuufunga mwenyewe.

Sasa ni muhula wa pili tangu siku ile. Mdogo wangu hufika shuleni mapema, na sketi yake haikaribii spoki, kwa kuwa tumbo la shogi huikinga. Machungwa ya mama hufika bila kupondeka. Kila Jumapili jioni mimi na yeye hukagua bolti pamoja. Yeye hushika spana kwa mkono wa kulia, ili aurudishie nguvu.

Nanyi wenzangu, mkitaka mfuko wa baiskeli, msiulize kwanza bei wala rangi. Ujazeni mchanga, mpande wenyewe, mteremke kilima kibaya kuliko vyote mnavyovijua. Mkifika chini salama, hapo ndipo mmwite mtu mmpendaye apande nyuma.