Jina la Mlinzi

Kwetu Karusandara, chini ya milima ya Rwenzori, mto Mubuku ukijaa usiku, wa kwanza kuamka ni wale ambao maji yameshawafikia. Ndiyo maana mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kipimo cha kina cha mto: kompyuta ndogo ya BeagleBone Black ndani ya sanduku, pamoja na betri. Ikikwama saa nane za usiku, hakuna mtu wa kwenda kuibonyeza.

Kifaa cha USB ukikichomeka hujitaja chenyewe kwa namba. Vingi vilivyomo ndani ya chipu ya kompyuta hii havina uwezo huo, kwa hiyo huandikwa katika faili tunaloliita mti wa vifaa. U-Boot, programu inayotangulia kuamka kabla ya Linux, husoma mti huo tawi baada ya tawi. Kila draiva ina majina inayoyajua; jina likilingana herufi kwa herufi na lililoandikwa penye neno compatible, draiva na kifaa hufungwa pamoja.

Mkonzo ataelewa upesi. Masereka ni mvulana wa tatu, Biira ni msichana wa pili. Jina hutaja nafasi, halitaji nyumba. Ita Masereka sokoni Bwera uone watakavyogeuka wengi! Kwenye mti, nyumba hutajwa kwanza: ti,omap3-wdt. Kabla ya mkato ni Texas Instruments waliotengeneza, baada yake ni aina ya kifaa.

Hilo ni jina la mlinzi wangu. Ni saa ndogo inayohesabu muda; programu isipoigusa kabla muda haujaisha, huizima kompyuta na kuiwasha upya. Linux ikishawaka, huipokea kazi ya kuigusa.

Sasa, jina lisipolingana, U-Boot hailalamiki. Huliruka tawi na kuendelea, na ujumbe wake huonekana tu kama umeijenga kwa ajili ya kutafuta makosa. Hapo ndipo ninapogombana nayo. Skrini ikikosa draiva utajua papo hapo, lakini mlinzi akikosekana kila kitu huenda vizuri hadi usiku ule anapohitajika. Mwenzangu mmoja maabara alichambua draiva siku mbili, kumbe draiva ilikuwa nzima. Kwenye mti palikuwa na kistari cha chini badala ya kistari cha kati.

Amri ya dm tree huonyesha vifaa vilivyopata draiva, na alama ya kujumlisha kwa vile vilivyokwisha kuamshwa, maana kufungwa si kuamshwa. Mimi orodha hainitoshi. Niliiongezea U-Boot amri inayozunguka bila kuigusa saa, nikaweka sekunde 60, nikakaa na simu mkononi nikihesabu. Iliwaka upya. Nimeirudia mara saba, mara mbili kati ya hizo kwa betri iliyokaribia kuisha.