Tulipolala Kando ya Ziwa

Kwetu Shinyanga, miaka ya tisini, maji yalikuwa kitu cha kufuatwa mbali. Mito yetu ni ya msimu: masika hufurika na kukata njia, kiangazi akina mama hufukua mchanga wake wapate ndoo moja. Kwa hiyo baba aliponipakia likizoni kwenye lori lake la mchele kwenda Geita, sikuwa na hamu ya mji wa dhahabu. Hamu yangu ilikuwa Kigongo, mahali ambapo barabara iliishia majini na taa za Busisi zikaonekana ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, katika Ziwa Victoria.

Mara nyingi tulifika pantoni limekwisha kufunga kazi. Lori liliingia kwenye foleni, utingo akaweka mawe nyuma ya matairi, na pale pale pakawa nyumbani. Turubai lilifungwa ubavuni mwa lori na kuvutwa hadi kwenye vigingi, chini yake ukatandikwa mkeka. Baba alilala kwenye kabini, mimi na utingo juu ya magunia. Kwa mama ntilie tulinunua ugali na sato wa kukaanga, na asubuhi tulitafuna michembe ya viazi vitamu aliyotufungia mama, tukishushia chai. Madereva walikuwa na amri moja isiyojadiliwa: usiku hakuna kushuka ukingoni, maana viboko hutoka kula majani na mamba haonekani. Tuliwasikia viboko wakikoroma, huku upepo wa ziwa ukilipigapiga turubai.

Nyumbani baba alikuwa mtu wa maneno machache. Safari ilimchosha, na aliporudi alikuta shamba linamngoja. Kigongo hakuwa na la kufanya ila kusubiri, na hapo ndipo alipoongea. Alinisimulia ujana wake, ng'ombe aliowachunga, na jinsi alivyojifunza udereva akiwa utingo. Sehemu kubwa ya ninayoyajua juu ya baba niliyapata kando ya maji yale.

Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji, na foleni ikabadilika sura. Yalikuja matrela ya mitambo, matangi ya mafuta, mabasi na watu wengi waliokuwa wakitafuta maisha. Injini zilinguruma hadi usiku wa manane, na nafasi ya kutandika mkeka ikawa adimu. Kusubiri nako kulikuwa na upande mchungu. Hata gari la wagonjwa lililopishwa na kila mtu lilisimama ukingoni kama pantoni lilikuwa bado ng'ambo, na ndani yake kulikuwa na mama mjamzito au mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Nikikumbuka nyuso za ndugu waliowasindikiza, siwezi kuutamani ule utaratibu urudi.

Ziwa lenyewe lilitufuata nyumbani mwaka 2009, mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, Misungwi, ulipozinduliwa na kuifikia miji ya Shinyanga na Kahama. Kisha, tarehe 19 Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi. Sasa ghuba inavukwa kwa dakika chache. Nilipompitisha baba juu yake, mzee aliegemea dirisha, akaniambia, "Mwanangu, watoto wako watalijua ziwa hili kwa kulipita tu."

Neno lile lilinipeleka Rubondo. Kisiwa hicho cha mkoa wa Geita ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Kina tembo, nzohe na sokwe; sokwe hao ni wazao wa wale walioletwa kutoka Ulaya na kuachiwa humo miaka ya sitini kwa juhudi za mhifadhi Bernhard Grzimek. Simba hawamo. Tulivuka kwa boti kutoka Nkome, tukapiga hema karibu na ufuko, tukakaa bila ratiba. Watoto waliwatazama furukombe wakinyakua samaki, na jioni walimzunguka babu yao. Akawasimulia yale yale ya Kigongo, na mengine ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia.

Lakini Rubondo inahitaji boti, viingilio na maandalizi ambayo familia nyingi za Shinyanga haziyamudu. Kigongo na Busisi zipo barabarani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo, halmashauri za Misungwi na Sengerema zingeweza kutenga viwanja vya kulala wasafiri, nyuma kidogo ya ukanda huo, vyenye vyoo, maji safi, taa na mlinzi wa kuangalia viboko. Mama ntilie waliopoteza wateja pantoni lilipoacha kazi wangepata tena wa kuwapikia. Na dereva, au mzazi mwenye basi dogo na watoto nyuma, angepata mahali salama pa kuzima injini.

Daraja limetupa saa ambazo wazazi wetu hawakuwa nazo. Sehemu yake tuwape watoto wetu, tukiwa tumekaa nao chini, kando ya maji.