Simu Iliyovunjika Isizikwe Kabla ya Kupimwa

Simu ya tachi ikianguka na kupasuka vibaya, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wengine huitupa kabatini na kusema, "Basi, imekufa." Wengine huichomeka kwenye chaji papo hapo ili waone kama itawaka. Yote mawili hayafai. La kwanza laweza kukupotezea vitu usivyoweza kununua tena. La pili laweza kuleta moto nyumbani. Leo nataka tuzungumze jinsi ya kuipima simu iliyoumia, hatua kwa hatua. Mgonjwa hazikwi kwa sababu tu amefumba macho.

Anza na betri, wala si na kioo. Betri za simu zetu ni za lithiamu. Ndani yake mna karatasi nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja, na katikati yake pana utando mwembamba kuliko unywele. Kazi ya utando huo ni kuzitenga karatasi zisigusane. Simu ikikanyagwa au kupindwa, utando waweza kutoboka, joto likapanda, na betri ikashika moto. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuzirudisha simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zikiwaka. Mwaka 2017 ikaeleza kwamba katika betri za namna moja, pembe zilikuwa zimebanwa. Zile zilikuwa simu mpya kabisa. Sembuse yako iliyopitiwa na gurudumu!

Kwa hiyo iweke simu juu ya saruji, penye hewa, mbali na godoro, mapazia na watoto. Itazame kwa ubavu. Je, mgongo wake umevimba? Je, ina joto ingawa haifanyi kazi? Je, yatoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha? Ukiona hata dalili moja, usiichaji, usiibonyeze irudi mahali pake, wala usiitoboe. Mpelekee fundi aitoe betri hiyo kwanza. Nayo betri mbovu isitupwe katika shimo la takataka tunazozichoma, maana itapasuka motoni.

Kama dalili hizo hazipo, jambo la pili ni kujua kama simu ingali hai. Hapa wengi hudanganywa na kioo. Kile tunachokiita kioo ni vitu vitatu: bilauri ya juu, sehemu inayohisi kidole, na sehemu inayotoa picha. Moja yaweza kufa na nyingine zikabaki. Tena hata zikifa zote tatu, bodi ya ndani, ambayo ndiyo ubongo wa simu, yaweza kuwa nzima. Basi ipigie simu hiyo kwa simu nyingine. Ikilia au ikitetemeka, i hai. Ikiwa kimya, huenda chaji imekwisha. Ichaji kidogo huku ukiiangalia, kisha jaribu tena.

Mwaka 2024, hapa Morogoro, simu ya dada yangu ilidondoka sokoni, na gurudumu la bajaji likapita juu yake. Nusu ya juu ya kioo ikawa nyeusi kabisa, na nusu ya chini ikabaki na michirizi. Kidole hakikusikika tena popote. Fundi wa kwanza aliitazama mara moja tu akasema imekufa, naye yuko tayari kuinunua vipande kwa shilingi 10,000. Dada alikuwa karibu kukubali. Lakini ndani ya simu hiyo mlikuwa na sauti ya marehemu baba yetu, aliyoirekodi mwaka mmoja kabla ya kufariki, akitaja mipaka ya shamba: mwembe upi, kijito kipi, na jirani yupi aliazimwa kipande kipi. Sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote.

Tuliipigia ile simu, ikalia. Hapo tukajua kwamba baba hajanyamazishwa bado. Fundi wa pili, kijana mpole, alitoa kichwa kidogo cha kuunganishia ambacho wao hukiita OTG, akakichomeka mahali pa chaji, kisha akaunganisha kipanya cha kompyuta. Mshale mdogo ukaonekana kwenye ile nusu ya chini. Kwa kipanya hicho dada aliandika namba yake ya siri, akaitafuta sauti, akawatumia ndugu wote wanne. Kazi nzima haikupita nusu saa. Simu nyingi za Android hukubali kipanya namna hii. Picha ikiwa haionekani kabisa, fundi mwenye kioo cha simu ya aina ileile aweza kukiunganisha kwa muda, kwa kujaribia tu.

Huenda utauliza, "Kwa nini fundi asichomoe tu mahali panapotunza picha, akapahamishia kwenye simu nyingine?" Haiwezekani, maana simu za siku hizi huyafunga mambo yake kwa ufunguo ulio katika bodi ileile. Kumbukumbu ikitengwa na bodi yake, ni kama sanduku lisilo na ufunguo. Ndiyo sababu nasema usikubali simu ikatwe vipande kabla hujaokoa kilichomo. Tena, kama hukuweza kufuta mambo yako, bodi usiiuze.

Kuhusu fedha, usifadhaike. Fedha za M-Pesa na za mitandao mingine hazikai ndani ya simu. Zimo katika hesabu za kampuni. Itoe laini, iweke katika simu ndogo ya vitufe, nawe utaendelea kama kawaida. Laini ikiwa imevunjika, nenda dukani kwa kampuni na namba yako ya kitambulisho cha taifa. Ukishathibitishwa kwa alama ya kidole, utapewa laini mpya yenye namba ileile.

Kama simu iliingia maji pia, izime, ifute, iache mahali penye upepo. Kuifukia katika mchele hakufai. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya watu kwamba chembe za mchele zaweza kuiharibu simu. Mchele ni wa kupika.

Ukishaokoa vilivyomo, ndipo uamue kama simu ingali na kazi. Piga *#06#, ikionyesha namba yake ya tarakimu 15, ubongo wafanya kazi. Mpigie mtu, usikie kama anakusikia nawe unamsikia. Jaribu kamera na spika. Buruta kidole pole pole toka pembe hadi pembe, uone kinapokwama. Ichaji, uone kama inapata joto kupita kiasi. Kisha uliza bei ya kioo. Ikikaribia bei ya simu nyingine nzima, acha. Kama ni nusu yake au pungufu, na betri ni nzima, tengeneza. Ukitaka kuitumia vivyo hivyo, bandika utepe mwangavu juu ya nyufa, vipande vya bilauri visikukate shavu.

Neno la mwisho ni kwa wewe ambaye simu yako ni nzima leo. Kama mna sauti ya mzazi, picha ya marehemu au hesabu ya kikundi, usingoje gurudumu. Kabla hujalala usiku huu, mtumie ndugu mmoja unayemwamini.