Kilomita za Mama

Tuko wanane. Kila jioni tunatuma kilomita zetu kwa grupu ya WhatsApp, zinajumlishwa, timu inasonga kwenye ramani. Safari ni kuzunguka dunia kwa mstari wa ikweta, kuanzia Maseno: kilomita 40,075. Kila mtu akipiga tano kwa siku, ni kama siku 1,000. Uganda tumeivuka bila pasipoti, sasa tuko msitu wa Kongo. Yaani wao wako Kongo. Mimi niko Kiogoro, nahema kwenye mwinuko ule ule.

Juzi nilipendekeza mama awe wa tisa. Yeye hubeba ndizi hadi soko la Daraja Mbili, na hurudi kwa mguu kuokoa nauli. Jibu likaja mbio: “Hayo si mazoezi bana, hiyo ni kazi.” Aliyeandika hivyo huhesabu hata akienda dukani kununua soda.

Kesho yake alfajiri nikamfungia mama simu yangu kwenye leso. Jioni ilisoma kilomita 11. Nikazituma kwa jina lake. Tiki za bluu, kimya.

Mama aliuliza tu hiyo Gaboni tunayoelekea, ndizi huuzwa pesa ngapi.