Mzeituni Nilioukata

Ukisimama Ongata Rongai, msomaji, ukatazama magharibi, utaiona milima ya Ngong, yenye kilele cha mita 2,460 hivi. Jina hilo latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Kifaru hayuko tena, jina limesalia.

Katika chuo cha ualimu nilikariri jina la Kilatini la mzeituni mwitu. Kazi yake sikufundishwa. Basi mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha niliagiza mzeituni mmoja uani ukatwe, kwa kuwa mizizi yake iliinua sakafu. Siku tatu hazijapita, akaja koko mmoja, maana ndivyo Wamaasai wamwitavyo nyanya, kutafuta tawi.

"Mwalimu," akauliza, "kibuyu changu nitakifukiza kwa nini?"

Nikamsikiliza kama mwanafunzi. Kijiti cha oloirien, ndio mzeituni huo, huchomwa, na ncha yake yenye moto ikasuguliwa ndani ya kibuyu. Ndipo maziwa hukaa siku kadhaa yasiharibike, tena hupata harufu njema. Ganda la osokonoi, kali kama pilipili, hutafunwa kwa kikohozi. Lakini halibanduliwi kuzunguka shina lote, mti usije ukafa.

Mjukuu wake alikuwa darasani mwangu. Nilipomwuliza oloirien ni nini, akainama. Kwao maziwa hununuliwa kwa pakiti.

Nimepanda miche miwili pale pale. Mzeituni hukua polepole mno, na koko ni mzee. Hupita akaitazama, asiniambie neno.