Misumari ya Mwanjelwa

Nilifika duka limebaki ukuta wa nyuma. Mwenye kiwanja anajenga fremu za ghorofa, na Mwanjelwa haina desturi ya kulilia ukuta. Nami ningepita tu, ila kijiko kilichokuwa kinabomoa kilinishika macho. Kila kilipokunja ndoo, rodi ya silinda ilitoka imelowa, oili ikachirizika mpaka kwenye meno na kudondokea matofali ya mzee aliyekuwa akituuzia sili.

Opereta alipozima injini kwenda kunywa chai, nilimfuata. Kijana mdogo, adabu anayo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Silinda ya ndoo inavuja tangu lini?”

“Muda tu, mzee. Haina shida. Asubuhi naongeza lita tano, nafika nayo jioni.”

“Na sili yake?”

“Bosi kasema ikishindwa kabisa tutanunua seti.”

Lita tano kila siku! Nilikasirika, wala si kwa ajili ya oili. Rodi inayotoka imelowa hurudi ndani imevaa vumbi. Mafuta yakipata njia ya kutoka, mchanga umepata njia ya kuingia, na mchanga huo hautulii kwenye silinda. Unazunguka na oili hadi kwenye valvu na pampu, unakwangua kila unapopita. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akauliza kwa dhati kabisa: “Kwani sili si mpira tu, mzee?”

Mimi nilianza kazi Iringa, kwenye karakana moja ya Ipogolo, chini ya mlima, karibu na Ruaha Mdogo. Daftari langu la kwanza limeandikwa Machi 1978. Mdogo wangu anabisha, anasema ilikuwa baadaye, kaka yetu alikuwa ameshakwenda vitani mpakani. Tuache hapo. Vijiko vilikuwa vichache. Kazi kubwa zilifanywa na makatapila na magreda, na fundi aliyenifundisha alikuwa amekulia kwenye mashine za kamba, zile ambazo ndoo inavutwa kwa waya. Haidroliki alijifunza ukubwani, kwa hiyo aliiheshimu.

Pakingi za siku zile zilikuwa pete za kitambaa na mpira zenye umbo la V. Zilipangwa nne au tano, moja imekaa ndani ya mwenzake kama sahani kabatini. Nyuma yake pete ya ngozi, ili presha isiusukume mpira kwenye mwanya. Zikianza kuvuja, fundi alitoa shimu moja, kile kibati chembamba cha kujazia, akakaza kifuniko, zikabanana upya. Spea zilipoadimika tukakata zile pete za nyuma wenyewe kwa ngozi ya ng'ombe, tukailoweka kwenye mafuta ya mnyama yaliyoyeyushwa. Harufu ile ya ngozi ya moto na grisi ilinifuata mpaka nyumbani, mama akawa ananitengea kiti changu peke yangu.

Iringa ndiko nilikojifunza kipupwe pia. Asubuhi ya Juni au Julai mpira unakuwa mgumu, mdomo wake haushiki rodi, na silinda inavuja. Jua likipanda inakauka kana kwamba haikuwa na neno. Waliokurupuka walibadilisha sili nzima. Fundi wangu aliwasha injini, akainua na kushusha mkono wa mashine polepole bila mzigo, oili ikapata joto, ndipo akaruhusu kazi. Alikuwa radhi kuchelewa robo saa nzima, hata mkubwa wa karakana akiwa amesimama pale anaangalia saa.

Nilihamia Mbeya 1986, na hapo ndipo nilipolijua duka.

Lilikuwa na upana wa hatua nne. Ukiingia ulikutana na harufu ya mpira mpya, karatasi za kahawia na vitunguu vya jirani. Mzee mwenyewe, mtu wa Rungwe, alivaa koti zito mwaka mzima na kuweka kioo cha kukuzia mfukoni mwa shati. Hakukuuzia sili mpaka umwonyeshe ile iliyokufa. Ungeweza kuja na namba ya spea na fedha kamili mkononi, angekuuliza tu: “Marehemu yuko wapi?” Wateja wengine walitukana wakaondoka. Aliwaacha waende.

Ukimpa, aliifuta kwa kitambaa, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaizungusha kidole kwa kidole bila kusema kitu. Iliyokakamaa na kupasuka ilikuwa imekufa kwa joto. Iliyovimba na kulegea ilikuwa imeoshwa kwa petroli au kukutana na mafuta ya breki. Iliyoliwa kisigino, kama imetafunwa na panya, ilisukumwa na presha kwenye mwanya. Hapo alikuuliza kuhusu ringi ya kuongozea pistoni, imelika kiasi gani. Yenye mistari mirefu ilikuwa imekwaruzwa na vumbi, na kosa lilikuwa la sili ya nje, ile ya kukung'uta vumbi, ambayo kila mtu anaidharau kwa sababu haizuii oili. Yenye ukingo uliounguzwa ilikuwa imeuawa na hewa iliyobaki ndani baada ya kufungwa, ikabanwa ghafla mpaka ikawaka.

Akishamaliza aliitundika. Ukuta wa nyuma ulikuwa na ubao wenye misumari mitano, na juu ya kila msumari kipande cha boksi kimeandikwa kwa penseli: Joto. Vumbi. Hewa. Pini. Fundi. Msumari wa Fundi ndio uliojaa. Hapo zilikaa zilizochanwa kwa bisibisi, zilizoingizwa mdomo umegeukia upande usio na presha, zilizopitishwa juu ya nyuzi za kufungia nati bila kuzifunika. Yangu ya kwanza iliishia hapo. Aliniita nyuma ya kaunta, akachukua sili mpya, akaipasha kwenye bakuli la oili ya uvuguvugu, akaikunja umbo la figo kwa vidole vitupu na kuiachia ndani ya mfereji wake. Ilikaa yenyewe. Akaitoa, akanipa, nikarudia mpaka giza likaingia.

Msumari wa Pini niliuelewa baadaye. Kulikuwa na kijiko cha machimbo ya kokoto kilichokula sili ya silinda ya mkono kila mwezi. Nilimpelekea ya tatu. Ilikuwa imelika upande mmoja tu. Hakuniuzia. Aliniambia nikatazame pini na bushi. Kweli bushi ilikuwa imekwisha, silinda inasukuma imeinama, rodi inaegemea upande mmoja. Tulibadilisha bushi, na sili iliyofuata ikamaliza masika mawili.

Na rodi aliipima kwa ukucha. Alituambia tuupitishe taratibu juu ya kromu. Ukikwama, sili mpya itakuwa kazi bure mpaka alama ile ilainishwe kwa jiwe la mafuta, au rodi ipelekwe ikapakwe kromu upya. Huku kwetu ni lazima, maana udongo una majivu ya volkano ya zamani ya Rungwe, chembe kali kama vioo vilivyosagwa.

Kisha mambo yakaenda mbio. Zikaja sili za poliurethini, za buluu na za kijani, imara kweli kweli, lakini maji ya moto yanaziharibu. Presha zikapanda hadi kama kilo 350 kwenye kila sentimita ya mraba. Ni ng'ombe dume amesimama juu ya ukucha wako. Soko la Mwanjelwa likaungua. Mzee akafariki, mwanawe akauza betri, kisha simu. Seti feki zikafika kwenye mifuko mizuri, na mafundi wakaacha kutazama kilichotoka. Wanakitupa mtaroni kikiwa bado na maneno. Mkono wa mashine ukishuka wenyewe usiku, wanafungua silinda bila kwanza kuzitenga hosi na kujua kama anayevujisha ni sili ya pistoni au valvu. Inaniuma kuona hivyo. Sasa barabara inapanuliwa kuwa njia nne toka Nsalaga hadi Ifisi, vijiko mjini havihesabiki, na duka lile halipo.

Ubao sikuuona. Nilipekua kifusi mpaka kijana akarudi na chai yake, akaanza kunisaidia kuinua mabati bila kujua tunatafuta nini. Nilimweleza. Aliuliza yake ingetundikwa kwenye msumari gani, nikamwambia siwezi kusema kabla sijaiona.

Jumapili bosi hayupo, kwa hiyo kijana atakileta kijiko uani kwangu. Nimemwomba asiioshe silinda kwa maji ya presha. Nataka kuona uchafu umeganda upande gani wa rodi.