Kutembea na Kaka Huanshi Zhonglu

Nilipofika Guangzhou Novemba iliyopita, kitu cha kwanza nilichotoa kwenye begi hakikuwa zawadi bali mashine ya kupimia presha. Kaka yangu alicheka. "Wewe hata likizo unakuja na wodi?" Nikamfunga mkanda mkononi, nikamwambia atulie dakika tano, miguu chini, asiongee. 172 kwa 104. Nikapima mkono wa pili, tofauti ilikuwa ndogo. Hapo akaacha kucheka, akakiri kwamba vidonge vilimwishia tangu Agosti na alikuwa anamsubiri mtu wa kutoka Dar amletee vingine. Mtu huyo kila mwezi alikuwa anakuja mwezi ujao.

Kaka ana miaka kumi na mitatu China. Anapokea mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani, vigae, nguo, vipuri vya bodaboda, anaipanga kwenye kontena na kuisafirisha. Mimi ni muuguzi Leeds. Stashahada nilisomea Tanga, shahada nikaipatia Uingereza. Hatukuwa tumeonana tangu 2018. Katikati hapo mama yetu alifariki, Novemba 2021, na kaka hakuja kumzika. Alituma ubani kwa simu. Ninayasema haya mapema, ndugu msomaji, kwa sababu matembezi ninayokusimulia yalianza kama dawa ya presha, lakini mimi nilikuja na jambo langu moyoni.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Unajiandikisha kwa pasipoti, unasubiri namba yako, na simu inakutafsiria. Daktari, kijana mpole, akaandika dawa, akasema apunguze chumvi na atembee kila siku.

"Nitatembea wapi?" kaka akaniuliza tukiwa kwenye lifti. "Hapa ni kazi tu."

Hapo alipopaita "hapa" ni Huanshi Zhonglu. Jina lenyewe lina maana: *huanshi* ni kuzunguka mji, *zhong* ni kati, *lu* ni barabara. Kipande cha magharibi kina stesheni kuu ya zamani ya treni, cha mashariki kina mahoteli makubwa, na hiki cha kati ndicho Waafrika wengi wanachokijua, ingawa wengi hawakiiti hivyo. Wanasema Xiaobei tu, kwa jina la stesheni ya metro, laini namba 5. Xiaobei ni "Kaskazini Ndogo", kumbukumbu ya lango dogo la kaskazini la ukuta wa mji wa kale. Kwa hiyo ukishuka pale na begi lako la sampuli, unashukia palipokuwa mlango wa mji.

Namba 300 ni jengo la Tianxiu. Chini maduka, juu ofisi na makazi, na kwenye lifti utasikia Kilingala, Kiarabu, Kifaransa na Kiswahili kabla hujafika unakokwenda. Nyuma ya barabara, kwenye kichochoro cha Baohan Zhijie, kuna mikate ya Wauighur inayotoka tanuri, mishikaki ya kondoo, na tambi zinazovutwa kwa mkono mbele yako. Tambi ni tamu sana. Mchuzi wake una chumvi ya kutosha kumlaza mtu, na nilimwambia kaka ale tambi aache mchuzi, akanitazama kama nimemwambia ale wali bila nazi.

Zamani, anasema, daraja la waenda kwa miguu hapo mbele lilikuwa na wapiga picha wa Kichina waliowapiga Waafrika picha na kuwauzia papo hapo. Anayo yake ya mwaka wa kwanza, shati jeupe, amesimama kama waziri. Siku hizi daraja lina nafasi. Serikali ya mji ilitoa hesabu: mwisho wa 2019 Waafrika walikuwa 13,652, Aprili 2020 wakabaki 4,553. Aprili hiyo wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona, wengine wakalala nje, na mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Kaka alifungiwa ndani siku 14. Kuhusu siku hizo alinisimulia kitu kimoja tu: jirani mmoja, mama mzee wa Kichina, alikuwa anamwachia mayai ya kuchemsha mlangoni.

Asubuhi ya kwanza nikamtoa saa kumi na mbili na nusu. Ukifuata Huanshi Zhonglu kuelekea magharibi, kwa mwendo wa kawaida, haipiti nusu saa hujaingia bustani ya Yuexiu. Haina kiingilio. Ndani kuna vilima, maziwa na miti mikubwa yenye mizizi ya kuning'inia, na asubuhi ile ni mji wa wazee: wanacheza dansi, wanapiga vinanda, wananyoosha viungo, mmoja anatembea kinyumenyume huku akijipiga makofi mgongoni. Kaka alikuwa amesikia habari za bustani hii miaka kumi na mitatu. Hakuwahi kuingia.

Juu ya kilima kimoja kuna mbuzi watano wa mawe, waliochongwa mwaka 1960. Hadithi yao ni kwamba mji ulikuwa na njaa, wakashuka watu watano wa mbinguni wamepanda mabeberu, wakaleta masuke ya mpunga na kuuombea mji usione njaa tena, kisha wao wakaondoka na mabeberu yakageuka mawe. Ndiyo maana Guangzhou huitwa Mji wa Mbuzi. Kaka alipanda ngazi akihema, akasimama kuwatazama. "Tanga tungekuwa tumeshawachoma," akasema. Nikahesabu pumzi zake kimyakimya, mazoea ya kazi.

Mbele kidogo kuna mnara wa Zhenhai, ghorofa tano, rangi nyekundu, uliojengwa mwaka 1380, na karibu yake kipande cha ukuta wa mji wa enzi ya Ming ambacho mizizi imekikumbatia. Ndani sasa ni makumbusho ya mji. Jina lake maana yake ni kuituliza bahari. Kutoka juu huoni bahari hata kidogo, maghorofa yamemeza kila kitu, ila upepo upo, na tulikaa hapo hadi jasho lake likakauka.

Siku ya nne tukavuka barabara ya Jiefang upande wa pili wa bustani, kwenye kaburi la mfalme wa Nanyue. Kama una siku moja tu Guangzhou, acha masoko, nenda hapa. Mwaka 1983 wajenzi walikuwa wanakata kilima ili wajenge nyumba za makazi, wakagonga mawe ya paa. Chini alikuwa amelala Zhao Mo, aliyefariki yapata mwaka 122 kabla ya Kristo, amevishwa vazi la vipande 2,291 vya jiwe la jedi vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri. Walizikwa pamoja naye watu kumi na watano, wakiwemo masuria na wapishi wake. Unateremka ndani ya kaburi lenyewe, chumba kwa chumba, umeinama.

Kwenye ukumbi wa juu ndipo kaka alipokwama. Miongoni mwa vitu vya mfalme zilikutwa pembe tano nzima za ndovu, na wataalamu walipozichunguza wakasema ni za ndovu wa Afrika. Zaidi ya miaka 2,100 iliyopita! Hakuna anayedai kwamba mtu mmoja alizitoa kwetu akazileta hapa. Bila shaka zilipita mikono mingi na bandari nyingi. Kaka alizitazama kwa jicho la kazi. "Hawa mzigo wao ulifika," akasema. "Sijui walikaa bandarini siku ngapi."

Kisha akasogea kwenye maelezo mengine na kunyanyua kidole. Kichina chake cha kusoma ni cha kibiashara tu, majina ya bidhaa, lakini maneno mawili aliyajua. "*Ruxiang*," akasoma. "Huu ni ubani." Ilikuwa kweli: ndani ya kasha moja kaburini ilikutwa gundi ya mti inayofanana na ubani, ule unaotoka Arabuni na Pembe ya Afrika. Yule mfalme alizikwa na ubani.

Sote wawili tulinyamaza. Kwetu mama alikuwa anafukiza kila Alhamisi jioni, na chumba chake kilinukia hivyo hata wiki ile ya msiba. Nami, mbele ya kabati la kioo, nikasema nililokuwa nimelibeba miaka yote ile. Nikamwambia, "Kaka, wewe ubani ulituma kwa simu."

Hakunijibu pale. Tulirudi Huanshi Zhonglu bila kuzungumza, na jioni nilipompima ilikuwa imepanda tena, 166. Nikajilaumu. Muuguzi gani humpandisha mgonjwa presha?

Ijumaa alinipeleka mwenyewe, hii ndiyo njia aliyokuwa akiijua: msikiti wa Xianxian, kando ya bustani ya maua ya okidi, si mbali na kaburi la mfalme. Nje siku ya Ijumaa ni soko, nyama, mikate, tende, kofia. Ndani kuna miti, makaburi ya kale, na kijumba chenye kuba ambapo wenyeji wanasema amelala Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume aliyeleta Uislamu China. Vitabu vya historia vya Waarabu vinasema alifariki karibu na Madina na kuzikwa huko. Wazee wa hapa wanavijua vitabu hivyo na bado wanazuru. Ukisema neno chini ya kuba sauti inakurudia, ndiyo maana wengine huliita kaburi la mwangwi.

Baada ya swala tulikaa kwenye benchi la mawe. Akanieleza kwamba mwezi ule mama alipofariki, mgeni aliyetoka China hakuwa na uhakika wa kurudi. Alikuwa na makontena mawili ya watu baharini, na fedha zao alikuwa nazo yeye. Angeondoka, angeitwa mwizi mtaa mzima wa Kariakoo. Msikiti siku zile ulikuwa umefungwa. Akawaita wenzake watano kwenye stoo ya mizigo, wakasukuma maboksi pembeni, wakamsalia mama sala ya ghaibu. "Tulifukiza," akasema. "Mlinzi akadhani moto, akaja mbio na mtungi."

Nilicheka, kisha nikalia. Mimi mwenyewe niliwahi siku ya tatu, mama alikuwa ameshazikwa. Hilo nilikuwa sijalisema kwa mtu yeyote namna ile, kwamba na mimi sikumwona.

Tuliendelea kutembea asubuhi tano zilizobaki. Siku ya mwisho alipitia Baohan Zhijie kwenye duka la Myemeni, akanunua ubani wa punje kubwa nyeupe, akaufunga kwenye karatasi na kunipa. "Disemba ukienda Tanga, mfukizie mama."

Nikamrudishia. "Utaupeleka mwenyewe, Kaka."

Akautia mfukoni. Tulipofika juu nikampima: 144 kwa 90. Akaomba nirudie mkono wa pili.